Masahihisho Yanayorudi Kazini: Kutoa na Kutumia Mrejesho katika Masomo ya Chuo Kikuu

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu kazi ambayo kila mwalimu wa chuo kikuu huifanya, ingawa ni wachache waliowahi kufundishwa namna ya kuifanya. Ni kazi ya kumweleza mwanafunzi, kwa maandishi au kwa mdomo, jinsi kazi yake ilivyo na jinsi inavyoweza kuwa bora zaidi. Mifano yetu imetoka katika masomo ya Kiswahili nchini Kongo. Hata hivyo, mwalimu wa historia au wa sheria ataona kwamba mambo mengi yanamhusu yeye pia.

Hali ya kawaida yafahamika. Mwanafunzi huandika kazi na kuikabidhi. Majuma hupita, mara nyingine miezi. Kisha hurudishiwa karatasi yenye alama juu ya 20, mistari ya wino mwekundu, na neno moja moja pembeni: «kosa», «haieleweki», au alama ya kuuliza peke yake. Pengine karatasi hairudi kabisa, na alama tu hubandikwa ukutani. Ama kwa kazi ya kumalizia masomo, maelezo marefu na yenye uzito hutolewa siku ya utetezi, mbele ya waamuzi na jamaa, wakati kazi imekwisha kupigwa chapa na kujalidiwa. Maelezo hayo yaweza kuwa ya haki na ya kitaalamu. Lakini mwandishi hana tena mahali pa kuyatumia.

Hoja yetu ni moja. Maelezo ya mwalimu hupata thamani yanapomfikia mwanafunzi wakati bado ana kazi ya kufanya, na pale anapotakiwa kuonyesha alichofanya nayo. Yakikosa mojawapo ya masharti hayo mawili, yanabaki kuwa hukumu, hata yakiandikwa kwa upole na kwa urefu.

2. Maneno matatu na maana zake

Kiswahili kina maneno kadhaa ya jambo hili, na kila neno lina mtazamo wake. Neno la kwanza ni kusahihisha, yaani kukifanya kitu kiwe sahihi. Aghalabu anayesahihisha ni mwalimu: yeye ndiye afutaye neno lisilofaa na kuandika lifaalo juu yake. Mwanafunzi hutazama tu.

Neno la pili ni kukosoa. Siku hizi wengi hulisikia kwa maana ya kulaumu au kutafuta dosari. Lakini umbo lake latuambia jambo jingine. Kama vile kufungua kunavyotengua kufunga, na kuchomoa kunavyotengua kuchoma, ndivyo kukosoa kunavyoonekana kutengua kukosa. Kwa umbo lake, basi, mkosoaji ni mtu anayelifungua kosa kama afunguavyo fundo: hutazama kwanza limefungwaje, kisha hulilegeza.

Neno la tatu ni mrejesho, linalotokana na kitenzi kurejesha, na limepata nguvu katika maandishi ya elimu ya miaka ya karibuni. Wazo lenyewe lina asili katika ufundi wa mitambo. Mwaka 1948 mwanahisabati Mmarekani Norbert Wiener alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi mashine na viumbe vinavyojiongoza kwa kutumia habari za matokeo ya vitendo vyao wenyewe. Jokofu ni mfano rahisi. Ndani yake likishapoa vya kutosha, habari hiyo hurejea kwenye mtambo na mtambo huzimika. Joto likizidi, huwaka tena. Kama kipimo kingesoma joto bila kuufikia mtambo, tungekuwa na kipimo tu, wala si mrejesho.

Mtaalamu wa Australia D. Royce Sadler alilitumia wazo hili katika elimu mwaka 1989. Alisema kwamba mwanafunzi hawezi kuendelea pasipo mambo matatu: awe na picha ya kazi nzuri anayoilenga, aweze kuilinganisha kazi yake na picha hiyo, tena achukue hatua ya kupunguza umbali uliopo kati ya hizo mbili. Tukizitazama karatasi zetu kwa kipimo hicho, tutaona kwamba alama juu ya 20 humwambia mwanafunzi kuwa umbali upo. Haimwambii ni umbali wa nini, wala apite njia ipi.

3. Uchunguzi umeonyesha nini

Yawezekana kufikiri kwamba maelezo yoyote ni bora kuliko kunyamaza. Uchunguzi haukubaliani na fikra hiyo. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo ya majaribio mengi juu ya mrejesho, jumla ya vipimo 607. Kwa wastani mrejesho ulisaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya vipimo hivyo, waliopewa mrejesho walifanya vibaya zaidi. Kwa maelezo yao, mrejesho hupoteza nguvu kadiri unavyoyaelekeza mawazo ya mtu kwenye nafsi yake badala ya kwenye kazi. Anayeambiwa «wewe ni mvivu» huanza kuitetea heshima yake. Anayeambiwa «wewe una akili sana» naye hupata la kulinda. Wote wawili wameacha kuitazama karatasi.

Ruth Butler, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1988, aliwagawa wanafunzi katika makundi: wengine walipewa alama tu, wengine maelezo tu, na wengine alama pamoja na maelezo. Waliopewa maelezo tu ndio walioendelea vizuri. Kundi la tatu halikufanikiwa kama wao, kana kwamba kuwapo kwa alama kuliyafunika maelezo. Wanafunzi hao walikuwa wa shule ya msingi, na haifai kuyahamisha matokeo yao moja kwa moja hadi chuo kikuu. Hata hivyo, ni nani kati yetu asiyemjua mwanafunzi anayegeuza karatasi kutafuta alama, akaiona, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni?

Baadaye, mwaka 2007, John Hattie na Helen Timperley waliyafupisha mengi ya mambo haya katika maswali matatu ambayo mrejesho mzuri hujibu: Ninakwenda wapi? Nimefika wapi? Hatua inayofuata ni ipi? Masahihisho yetu mengi hujibu la pili tu, na hulijibu nusu.

4. Kosa, mtelezo na lahaja

Katika masomo ya Kiswahili nchini Kongo, suala la mrejesho lina ugumu wa pekee. Wanafunzi wetu wengi wa Lubumbashi, Kisangani, Bukavu au Goma wameingia chuoni wakikijua Kiswahili tangu utotoni. Kiswahili hicho, hata hivyo, sicho kile cha vitabu vya sarufi. Kile cha Lubumbashi kimechunguzwa na wataalamu tangu zamani. Edgar Polomé alikiandikia makala mwaka 1968. Historia ya mji huo iliyoandikwa kwa Kiswahili cha huko mwaka 1965, ambayo Johannes Fabian na wenzake waliichapisha pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990, yaonyesha kwamba lugha hiyo yaweza kubeba kumbukumbu ya jamii nzima.

Hapa yafaa kumkumbuka S. Pit Corder. Mwaka 1967 alitenganisha mtelezo na kosa. Mtelezo ni wa kalamu au wa haraka: mwandishi akisoma tena atausahihisha mwenyewe. Kosa ni la utaratibu: mwandishi hulirudia kwa sababu ndani yake ipo kanuni anayoifuata. Kwa hiyo kosa ni habari kwa mwalimu, kwa maana linamwonyesha ni kanuni gani inayofanya kazi katika akili ya mwanafunzi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi ameandika: «Batoto balienda ku masomo na bitabu yabo.» Mwalimu aliyezoea Kiswahili sanifu ataona makosa matano katika maneno saba, naye atapiga mistari mitano. Lakini sentensi hiyo ina utaratibu kamili. Kiambishi ba- kimetumika panapotakiwa wa-, bi- panapotakiwa vi-, neno ku mahali pa kiambishi -ni, na ya- imetumika katika kimilikishi bila kufuata ngeli ya vitabu. Mwandishi hakukosea Kiswahili cha nyumbani kwake hata mara moja. Alichokosa ni kuhama kutoka lahaja moja hadi nyingine katika maandishi yanayodai usanifu.

Tofauti hii si ya heshima peke yake. Ina matokeo katika ufundishaji. Tuseme mwalimu ameandika pembeni: «bi- ni kosa, andika vi-», na «usitumie mu, tumia -ni.» Mwanafunzi mtiifu ataichukua kanuni hiyo na kuitumia kila mahali. Katika kazi inayofuata ataandika «viashara» badala ya biashara, na «vilauri» badala ya bilauri, kwa sababu hakuambiwa kwamba bi- ya maneno hayo si kiambishi cha ngeli. Na pale alipokuwa akiandika «mu mwaka wa 1960», sasa ataandika «mwakani wa 1960», bila kujua kwamba katika Kiswahili sanifu mwakani ni mwaka ujao. Mwalimu atakasirika: nimemsahihisha, naye amezidi kuharibu! Kumbe mwanafunzi ametii. Alipewa nusu ya kanuni, naye akaitumia nusu hiyo kwa uaminifu.

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hiyo ni ya kweli kwa mtu aliyeonyeshwa njia. Aliyepigiwa mstari mwekundu tu, bila kuelezwa kanuni wala mipaka yake, hakupewa njia ya kutorudia.

Maelezo yanayofaa katika mfano wetu yangekuwa mafupi: «Sentensi hii inafuata Kiswahili cha Lubumbashi. Katika kazi hii tunaandika Kiswahili sanifu. Tazama viambishi vya ngeli katika majina, vitenzi na vimilikishi; andika upya aya nzima, kisha orodhesha mabadiliko uliyoyafanya.» Mstari haukupigwa hata mmoja, na kazi yote imebaki mikononi mwa mwanafunzi. Zaidi ya hayo, ameambiwa kwamba anazo lahaja mbili za kuzitawala, wala hakuambiwa kwamba lugha ya mama yake ni uchafu wa kuondolewa.

5. Kutoa mrejesho juu ya hoja

Lugha ni sehemu moja tu. Sehemu nzito zaidi ni hoja, na hapo ndipo maelezo yetu hupungua. Nancy Sommers, aliyechunguza maelezo ya walimu wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 1982, alionyesha kwamba mwalimu mara nyingi hutoa amri mbili zinazopingana kwenye aya ile ile. Husahihisha koma na tahajia za sentensi, na papo hapo huandika pembeni kwamba aya yote haitoshi na iendelezwe. Mwanafunzi afanye lipi? Wengi huchagua lililo jepesi: hurekebisha koma katika aya ambayo ingepaswa kuandikwa upya.

Tuseme mwanafunzi ameandika kwamba Kiswahili kilienea Katanga kwa sababu ya migodi, na ushahidi alioutoa ni kwamba kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mwalimu wa kwanza anaandika: «Haitoshi. Fafanua.» Mwalimu wa pili anaandika:

«Aya hii yadai kwamba migodi ndiyo iliyoeneza Kiswahili. Mwaka wa kuanzishwa kampuni hautuonyeshi lugha iliyosemwa kambini. Tena, wafanyabiashara wa misafara ya mashariki walikuwa wamefika Bunkeya kwa Msiri kabla ya kifo chake mwaka 1891. Tenganisha basi kufika kwa lugha na kuenea kwake. Kwa hilo la pili, soma kitabu cha Fabian cha mwaka 1986 juu ya Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji, kisha uniambie migodi ilifanya nini ambacho misafara haikufanya.»

Mwalimu wa pili ametumia dakika chache zaidi, lakini ametaja dai la mwanafunzi kama alivyolielewa, ameonyesha mahali ushahidi unapokatika, na amempa kazi mahususi. Mwanafunzi akiona kwamba dai lake halikueleweka, atajua pia mahali pa kulieleza vizuri. Hilo ni faida kubwa ya kuanza kwa kurudia dai: maelezo huwa mazungumzo, na mwalimu naye aweza kukosolewa.

Kutokana na mfano huu tunaweza kutoa mashauri manne. Kwanza, maelezo yawe machache: mambo mawili au matatu makubwa kwa rasimu moja yatosha, maana mwanafunzi aliyepewa ishirini hatajua lipi ni nguzo na lipi ni rangi ya ukuta. Pili, hoja itangulie lugha: rasimu ya kwanza isomwe kwa ajili ya wazo na ushahidi, na ya mwisho kwa ajili ya sarufi na tahajia. Tatu, yasemwe ya kazi, si ya mtu. Nne, kila lawama iambatane na tendo linalowezekana. Sifa nazo zifuate kanuni hiyo. «Vizuri» haifundishi kitu. «Umelinganisha mashahidi wawili kabla ya kuamua, endelea hivyo katika sura ya tatu» humfanya mwanafunzi aweze kulirudia jambo jema kwa kujua.

6. Kutumia mrejesho

Hadi hapa tumezungumza na walimu. Lakini mrejesho una pande mbili, na upande wa mwanafunzi umesahauliwa kwa muda mrefu. David Carless na David Boud, walioandika juu ya suala hili mwaka 2018, walisema kwamba kuupokea mrejesho ni ustadi unaojengwa: mwanafunzi hujifunza kuuthamini, kujihukumu mwenyewe, kuitawala hasira au aibu yake, na hatimaye kutenda.

Hilo la aibu lisidharauliwe. Katika desturi zetu mwalimu ni mkubwa, na kumrudia mkubwa kwa swali huonekana kama kumpinga. Mwanafunzi asiyeelewa maana ya «haieleweki» hunyamaza, halafu hukisia. Basi si haki kusema tu kwamba mlango wa mwalimu u wazi. Swali lifanywe kuwa sehemu ya kazi yenyewe, ili anayeuliza aonekane kuwa anatimiza wajibu.

Njia moja iliyo rahisi ni barua ya majibu. Kila rasimu ya pili iambatane na ukurasa mmoja ambamo mwanafunzi anaandika mambo matatu: maelezo aliyopewa na jinsi alivyoyaelewa, alichobadilisha, na katika ukurasa upi, na maelezo asiyoyakubali, pamoja na sababu. Sehemu ya tatu isiondolewe. Mwanafunzi anayekubali kila kitu bila kufikiri ameihamisha kalamu kwa mwalimu, na siku ya utetezi atashindwa kuilinda sentensi ambayo si yake.

Njia ya pili ni daftari la makosa ya mwenyewe. Mwanafunzi aligawe daftari katika safu tatu: nilivyoandika, kanuni, na mipaka ya kanuni. Katika safu hiyo ya tatu ndipo biashara na bilauri zitakapoandikwa. Akilisoma daftari kabla ya kukabidhi kazi mpya, ataanza kufanya mwenyewe ile kazi ambayo zamani ilimngoja mwalimu. Na hilo ndilo kusudi la mrejesho wote: kumfikisha mtu mahali ambapo ataweza kujikosoa.

7. Madarasa makubwa na muda mchache

Msomaji atapinga kwamba haya yote yanafaa penye wanafunzi kumi na watano, huku yeye ana mia tatu, umeme unakatika, na anafundisha mahali pawili ili apate riziki. Pingamizi hilo ni la kweli, na hatuwezi kulijibu kwa kumdai mwalimu saa ambazo hana. Twaweza kumdai tu azihamishe saa alizo nazo.

Anayesoma kazi mia tatu mwishoni mwa muhula na kuandika neno moja kwenye kila moja ametumia muda mwingi kwa faida ndogo. Afadhali asome thelathini katikati ya muhula, aandike ukurasa mmoja wa makosa yaliyojitokeza mara nyingi na mifano ya aya zilizofaulu, bila kutaja jina la mtu, kisha ausome darasani na kumtaka kila mwanafunzi autumie kurekebisha kazi yake kabla ya kuikabidhi. Wanafunzi nao waweza kusomeana wawili wawili wakiwa na maswali machache waliyopewa: Dai la mwenzako ni lipi? Ushahidi wake uko wapi? Wapi ulisimama ukasoma mara mbili? Anayejifunza kuliona tatizo katika karatasi ya jirani hupata jicho la kuliona katika yake mwenyewe.

Kwa kazi ya kumalizia masomo, utaratibu ubadilike tangu mwanzo. Mwalimu msimamizi apokee ukurasa wa swali la utafiti kabla ya sura yoyote, na sura ya kwanza kabla ya ya pili. Mfumo wa Lisansi, Masta na Doktora, ulioenezwa katika vyuo vikuu vya Kongo tangu mwaka wa masomo 2021-2022, huhesabu pia kazi ya binafsi ya mwanafunzi katika mzigo wa masomo yake. Hiyo ni nafasi nzuri: rasimu na barua ya majibu zingeweza kuhesabiwa kama sehemu ya kazi hiyo. Mfumo ukibadilisha majina ya shahada tu, wakati maelezo yanaendelea kutolewa siku ya utetezi, basi mwanafunzi hataona tofauti.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ubora wa mrejesho hautegemei wingi wa wino. Wategemea wakati unapotolewa, uwazi wa hatua inayoombwa, na wajibu wa mwanafunzi kuijibu. Kwa sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Kongo kuna jambo la ziada: kila mstari tunaoupiga chini ya neno la mwanafunzi wamwambia kitu juu ya lugha aliyotoka nayo nyumbani. Ukimweleza kanuni na mipaka yake, atatoka chuoni na lahaja mbili anazoziongoza. Usipomweleza, yaelekea atatoka akiionea haya ya kwanza na kuiogopa ya pili, naye siku moja atasimama mbele ya darasa, akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Mwalimu anayetaka kuanza asingoje mageuzi ya mtaala. Achukue kazi moja tu ya muhula huu, airudishe mapema bila alama, na aombe barua ya majibu.